Vile nilitoa Windows ya krak kwa saiba yangu Kondele

Niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, mashine sita za mitumba, zingine ramu giga mbili tu. Kitambo zote zilikuwa na Windows ya krak, yaani ya wizi bila laiseni, na mimi sikujua, fundi aliniwekea akasema ni orijino, nikamlipa 500 kwa kila moja na soda juu. Baadaye skrini zikaanza kugeuka nyeusi na maandishi kwa kona eti hii Windows si halali, mteja anachapa barua ya kazi huku anaisoma hiyo, aibu tupu. Na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama maandishi, sawa tu na kitabu, kwa hivyo wa kushikwa angekuwa mimi mwenye duka.

Laiseni sita singeweza. Nilinunua moja, ya wale watu wa fomu za Excel zenye makro (zile amri za kujiendesha ndani ya faili), zile tano nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile ya sura ya Xfce juu hiyo ni nyepesi. Unaiwasha kutoka kwa flashi unaijaribu kwanza bila kufuta kitu, ukiridhika ndio unainstoli. Hiyo ilikuwa rahisi.

Kilichonitoa jasho ni CV. Mtu analeta CV ya ukurasa mmoja, nikiifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, inakuwa mbili, marefarii (wale wadhamini wa mwisho) wameanguka huko chini peke yao. Mama mmoja akaniambia "kijana wangu, umeniharibia karatasi ya mtoto" na akaenda saiba ya jirani. Siku mbili nalaumu LibreOffice, kumbe ni fonti, yaani muundo wa herufi! Ile CV iliandikwa kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux, so mashine inaweka nyingine yenye herufi pana na mistari inasukumana. Dawa ni Carlito, fonti huru ambayo kila herufi upana wake ni uleule wa Calibri. Ya Cambria inaitwa Caladea, ya Times na Arial ni Liberation. Nikaziweka zote, CV ikarudi ukurasa mmoja, yule mama alipopita tena nikamprintia bure.

Kitu sikutarajia ni flashi. Unajua ile virusi inaficha faili zako inakuachia shotikati? Linux haijali hiyo alama ya kuficha, ukichomeka tu faili zote ziko pale na virusi yenyewe haiamki. Sasa watu wanatoka hadi Manyatta kuniletea flashi "zilizokula" kazi zao.

Juzi yule fundi alikuja kuomba kopi ya Mint. Nikampa. Akauliza auze ngapi, nikamwambia bei ni yako, GPL, ile laiseni ya programu nyingi za ndani ya Mint, haikatazi kuuza, inakataza kumzuia mwenye amenunua asikopie wengine. Akaniangalia, akacheka, akaniuliza kama nimekunywa.