Mgongoni mwa Hati ya Shehena

Mwaka 2013, nilipokuwa namaliza mwaka wa pili wa sheria, kila mwenzangu aliyetaka kuwa wakili wa biashara London alikuwa na tarehe moja kichwani: 31 Julai. Siku hiyo kampuni nyingi kubwa za mawakili zilifunga mlango kwa waliotaka kuanza mafunzo Septemba 2015. Ndivyo mambo yalivyokwenda Uingereza. Unaomba kazi miaka miwili kabla ya kuianza, shahada yenyewe bado hujaipata. Mafunzo ni ya miaka 2, na kwa kawaida hugawanywa vipindi 4 vya miezi 6, kila kipindi idara tofauti.

Kwangu mimi jambo kubwa lilikuwa ada. Kati ya shahada na mafunzo palikuwa na kozi ya uwakili ambayo kwa London ilizidi pauni 10,000, na kampuni kubwa ziliwalipia waliokubaliwa. Mama alikuwa muuguzi Leicester. Baba alibaki Mombasa na ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini. Bila kampuni ya kunilipia, kozi ile ningeishia kuisikia tu.

Fomu zilikuwa na maswali yanayofanana. Kwa nini sheria ya biashara? Kwa nini sisi na si kampuni ya jirani? Tuonyeshe kwamba unaielewa biashara. Hilo la mwisho ndilo lililowanyima usingizi wenzangu, wakawa wanasoma kurasa za uchumi kila asubuhi na kukariri nani kamnunua nani. Mimi niliandika kuhusu ofisi ya Baba.

Mshauri wa kazi pale chuoni aliisoma fomu yangu kwa makini, akachukua kalamu akaikata aya ile. Alinieleza kwa upole kwamba kusaidia katika biashara ya familia hakuhesabiki kuwa uzoefu wa kazi, na kwamba nijaze badala yake lile duka la nguo nililofanyia kazi Jumamosi. Alikuwa na nia njema. Lakini sikukubaliana naye siku ile na sikubaliani naye leo. Watoto wangapi wa Mombasa, Dar na Zanzibar wamekua nyuma ya meza za biashara, wanajua bei ya dola na siku za kontena kukaa bandarini, halafu wanaambiwa wakaandike kuhusu kukunja fulana?

Ofisi ya Baba ilikuwa ghorofani, Moi Avenue, na likizo za shule nilizimalizia pale hadi nilipomfuata Mama nikiwa na miaka 16. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga hati za shehena, zile karatasi anazotoa mwenye meli akipokea mzigo (kwa Kiingereza bill of lading). Hati hizi hutolewa nakala halisi, aghalabu tatu, zote zimesainiwa, na juu yake pameandikwa kwamba ikishatumika moja, nyingine hazina nguvu tena. Mteja akileta hati, Baba hakuisoma mbele kwanza. Aliigeuza. Mbele pana majina ya meli, bandari, idadi ya magunia. Mgongoni ndiko kwenye mihuri na saini za kila aliyeipitisha kwa mwingine, na anayeishika kwa haki ndiye mwenye kudai mzigo. “Mzigo unafuata karatasi, mwanangu,” alikuwa akiniambia. “Karatasi usiyoijua ilikotoka usiishike.”

Mchele wa Karachi ulikuwa ukitangulia mara nyingi kabla hati hazijafika kutoka benki. Siku za bure za kontena zinayoyoma, tozo inapanda, mwenye mali amekaa kwenye benchi letu anamsihi Baba amwombee kwa wakala wa meli amwachilie mzigo. Wakala hatoi. Anataka hati halisi, la sivyo mwenye mali alete barua ya dhamana ya kufidia hasara, iliyowekewa saini na benki. Nimewaona watu wazima wakilia kwa ajili ya barua hiyo.

Niliirudisha ile aya neno kwa neno, nikatuma.

Kampuni kadhaa zilinikataa bila maelezo, nyingine baada ya mtihani wa Watson Glaser, ule wa kupima hoja: unapewa taarifa fupi kisha unaulizwa kama hitimisho linatokana nayo au umeliongeza mwenyewe. Wakati wa kiangazi nikaitwa na kampuni moja ya mambo ya bahari na biashara ya kimataifa, karibu na Aldgate. Asubuhi tuliandika waraka kwa mteja wa kubuni. Halafu wakatuweka kikundi tujadiliane bei ya kiwanda, ambapo kila mtu alijitahidi kuonekana anawasikiliza wenzake. Mchana ndio ulikuwa mahojiano, mbele ya wabia wawili, mwanamume na mwanamke.

Yule mama alikuwa na fomu yangu mbele yake. Aliuliza: “Hii ofisi ya Mombasa, mlikuwa mnafanya nini hasa?”

Nikaeleza. Nilipofika kwenye kugeuza hati, aliweka kalamu chini. Mwenzake akaingia na swali: meli imefika, hati iko benki Nairobi, mnunuzi anataka mzigo leo, nahodha afanye nini? Nikamjibu kama ambavyo wakala wa Mombasa angejibu, kisha nikaongeza sheria yake. Akitoa mzigo bila kuonyeshwa hati halisi, mwenye meli anabeba hatari yote mwenyewe. Nilitaja kesi ya 1959 iliyotoka Singapore ikaamuliwa na Baraza la Kifalme London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, Sze Hai Tong Bank dhidi ya Rambler Cycle, ambapo wakala wa meli aliachilia shehena ya vipuri vya baiskeli kwa dhamana ya benki bila hati, muuzaji hajalipwa. Vifungu vya kujikinga vilivyoandikwa kwenye hati ile havikumsaidia mwenye meli. Mhadhiri wetu aliposimulia kesi ile darasani, niliona wazi benchi la ofisi yetu na watu waliokaa juu yake.

“Na sheria ya 1992?” akauliza yule mama.

Alikuwa anakusudia sheria ya usafirishaji wa mizigo baharini, inayompa mshika hati halali haki ya kushtaki kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyefanya mkataba na mwenye meli. Nilimwambia ndiyo maana Baba huanza na mgongo wa hati. Tukaendelea hivyo hadi muda ukapita, wakawa wananiuliza kuhusu forodha, kuhusu makontena yanayokwenda Kampala na Kigali, kuhusu nani hubeba hasara mchele ukilowa. Tangu nianze kuomba kazi, ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza na watu waliotaka kujua ninachokijua.

Walinipigia siku chache baadaye, wakanipa nafasi. Nilimpigia Baba kabla ya Mama, naye Mama alinielewa.

“Shikamoo Baba. Nimepata.”

“Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi.” Kisha, bila kupumzika: “Kampuni hiyo inasimama upande gani? Wenye meli au wenye mizigo?”

Swali hilo hakuna mwanafunzi mwenzangu aliyewahi kuniuliza, na ndilo la maana kwa kazi ile, kwa sababu London kampuni nyingi za bahari zina upande wao. Nikamwambia: wenye meli na bima zao.

“Ala! Basi utakuwa unapambana na wateja wangu.”

Nilianza Septemba 2015, na kipindi changu cha kwanza kilikuwa idara ya madai ya shehena. Jumapili ya kwanza Baba alipiga simu akataka kujua nimepewa faili gani, mzigo ulitoka bandari ipi, mkaguzi wa upande wa mzigo aliruhusiwa kupanda melini au la. Nikamwambia mambo ya mteja siwezi kuyatoa nje ya ofisi. Hakubishana hata kidogo. Alisema, “Sawa, wakili,” akaanza kunihadithia bei ya mchele.