Bibi alisema ndege ilikuwa na nanga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na stori moja, akiianza tu sisi wajukuu tunaanza kucheka kabla hajafika katikati. Alikuwa anasema alipokuwa mtoto, Lindi hapahapa, kuna ndege ilikuwa inashuka baharini, sio uwanjani, baharini, inakuja inapasua maji mpaka povu linapanda kuliko mashua, afu inatulia inaelea kama bata. Hapo bado tunamvumilia. Akifika kwenye "pua ya ndege inafunguka, anachomoza mtu na kamba, na nanga wanayo" ndo basi tena, nyumba nzima kicheko, ndege na nanga wapi na wapi. Mjomba alikuwa anamwambia mama hiyo uliota, na bibi hajibu, anaendelea kusuka ukili wake. Alifariki 2009 na kwa kweli miaka ya mwisho tulikuwa hata hatumuombi tena atusimulie.

Sasa Agosti 2016 nikaenda Mtwara kufuatilia cheti changu kwenye ofisi moja, nimetoka Lindi na basi la alfajiri siku ya Ijumaa, nafika naambiwa anayesaini kasafiri, njoo Jumatatu. Nikalala kwa dada yangu, mtaa wa Chikongola. Jumamosi asubuhi shemeji yangu, ambaye anaendesha bodaboda, akaniona nimekaa tu kibarazani akasema shem wewe si unapenda mambo ya zamani, kuna wazee huku njia ya airport wana mavyuma ya ndege wamepanga kama makumbusho, Jumamosi ndo siku yao ya kufungua, panda nikupeleke. Nikapanda bila hata kuuliza sana.

Kufika nikaona nyumba ya kawaida ya bati, pembeni banda refu la matofali ambalo zamani lilikuwa stoo ya korosho, harufu ya maganda bado ipo ukutani. Mlangoni hakuna tiketi, kuna ndoo ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, ukipenda unatumbukiza chochote. Walikuwa watatu. Mzee mmoja fundi wa ndege mstaafu, mwalimu mstaafu wa jiografia, na binti aliyesoma VETA ambaye nilimkuta kachuchumaa na brashi na mafuta ya taa anasugua kutu. Hakuna anayelipwa hata shilingi. Mzee fundi ndo alianza, alikuwa anawafuata wanunuzi wa vyuma chakavu kabla mzigo haujapanda lori, anawalipa kwa kilo bei ileile ya chakavu, vipande vingine vimetoka mpaka Nachingwea kule walikolima karanga Waingereza baada ya vita, ule mradi wa 1947 ulioachwa 1951.

Nikatoa shikamoo, mzee akaitika marahaba mwanangu, karibu, umetoka wapi. Nikasema Lindi. Akamwangalia mwalimu, mwalimu akatabasamu, akasema wa Lindi tunakuwekea kitu chako cha mwisho, anza na huku kwanza.

Huku kwenyewe ilikuwa meza ya injini. Mzee alijifunzia kazi Nairobi enzi za East African Airways, akarudi nyumbani shirika lilipovunjika 1977 ilipoanzishwa Air Tanzania, na mikono yake ukiiangalia unajua, vidole vimepinda kidogo ila akishika pistoni anaishika kama yai. Akanipa chuma kimoja nishike, kirefu kama kutoka kiwiko changu mpaka vidoleni, kizito, kimeng'aa kwa grisi. Akaniuliza unaona nini. Nikaangalia nikaona kimepinda katikati, sio sana, kama mtu aliyeegemea mlango. Akasema hiyo ni konrodi, mkono unaosukumwa na pistoni kuzungusha injini, ya injini ya duara kama zile za Dakota, ile ndege ya zamani ya mapanga mawili, na hiyo imeuawa na haraka.

Akanieleza, na mimi hiki kitu sijawahi kukisahau. Injini ya Dakota ina silinda 14 zimepangwa duara safu mbili, kwa hiyo kuna zinazotazama juu na kuna zinazotazama chini. Ndege ikilala usiku oili inachuruzika taratibu inaingia kwenye silinda za chini. Asubuhi ukija ukawasha moja kwa moja, pistoni ya chini inakuja kwa nguvu inakutana na oili, na oili haibanwi kama hewa, haina pa kwenda, basi kinachoshindwa ni chuma, konrodi inapinda. Inawezekana injini ikawaka tu vizuri usijue kitu, ije ikatike uko angani. Ndo maana wale wa zamani ulikuwa unawaona wanazungusha panga boi kwa mkono kabla ya kuwasha, watu wakadhani wanaipasha moto. Wanasikilizia. Akanishika mkono akausukuma taratibu hewani kunionyesha, akasema ukisikia panga limegoma usilazimishe, fungua plagi za chini utoe oili, hata kama abiria wanakulalamikia. Alivyosema abiria wanakulalamikia uso ulikuwa wa mtu aliye kazini kabisa, yaani nikajiona na mimi niko uwanjani saa kumi na mbili asubuhi na umande.

Pembeni palikuwa na vipande vya Fokker, ile ya mapanga mawili yenye injini za Dart, na hapo hakunieleza sana, alipiga tu mluzi mwembamba mrefu na mimi nikajua. Mtu yeyote wa kusini aliyekua miaka ile anaujua mluzi wa Fokker, ulikuwa unausikia kabla hujaiona.

Tatizo lao kubwa pale ni chumvi. Bahari ipo karibu, ukipaka grisi leo wiki tatu kutu imerudi, yule binti aliniambia anazunguka banda lote akifika mwisho mwanzo umeshaanza kuwa mwekundu, anaanza tena. Na mchwa, mchwa walikula boksi zima la karatasi masika ya mwaka uliotangulia. Karatasi walizobakiza mwalimu akazipeleka stationery zikatolewa kopi na kufanyiwa lamination kwa hela ya pensheni yake. Niliumia niliposikia, maana mapaa ya maofisi mengi mjini hayavuji hata tone, na hiki kitu kipo chini ya bati lenye matundu.

Mwalimu ndo alikuwa mtu wa karatasi. Akanisimamisha mbele ya ramani ya Afrika, kuna uzi mwekundu umetoka Bulgaria umekatisha bahari, umeshuka Misri, umeingia Sudan afu umegeuka kurudi. Akasema hii ilikuwa inakuja kwetu. Novemba 1917, vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck walikuwa wamebanwa huku kusini, wameishiwa risasi na dawa, Ujerumani ikatuma puto kubwa la injini, L59, urefu wake mita zaidi ya 220, limebeba mzigo kama tani 15, liende kushuka uwanda wa Makonde. Kushuka na kutorudi. Walipanga likifika livunjwe, gamba lake lishonwe mahema na nguo, vitambaa vya ndani viwe bandeji. Lilifika Sudan tarehe 23 likaitwa lirudi, likatua Bulgaria tarehe 25 limekaa hewani masaa 95 bila kugusa ardhi, kilomita 6,757. Na tarehe hiyohiyo 25, mwalimu akagonga kidole kwenye Ruvuma, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka hapa kuingia Msumbiji.

Nikamuuliza mwalimu, lingefika ingekuwaje? Akasema vita vingeendelea hapahapa kwenye mashamba ya babu zetu, wapagazi wangeendelea kufa, mimi nashukuru liligeuka. Akasogea ramani inayofuata, hakusema zaidi. Nilimpenda hapo, kwa sababu kapenda historia yake lakini hajasahau nani alikuwa anabeba mizigo.

Ramani inayofuata ndo ilikuwa kitu changu.

Mstari unaanza Southampton Uingereza, unakuja Misri, unafuata Nile, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, afu kwa herufi ndogo nyeusi, LINDI. Kisha Msumbiji, Beira, Lourenço Marques ambayo ndo Maputo ya leo, Durban. Mwalimu akasema hiyo ni njia ya posta na abiria ya Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, kuanzia 1937, kwa ndege za majini za kampuni ya Short, zile za majina ya C, Canopus, Centaurus, Cambria. Mimi nimeganda kwenye neno Lindi tu. Sikumbuki kama nilimwitikia. Akaendelea kwamba zilikuwa haziwezi kwenda mbali bila kujaza mafuta, na ndege ya namna hiyo haitaki kiwanja, inataka maji yaliyotulia, na ghuba yetu pale mto Lukuledi unapoingia baharini ni maji yaliyotulia, imekingwa. Injini nne, mabawa ncha hadi ncha karibu mita 35, dari mbili kama meli.

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa imebadilika mpaka shemeji akanigeukia, mwalimu samahani, hizi ndege zilikuwa na nanga?

Akasema ndio, nanga walikuwa nayo. Akachukua karatasi nyingine, mchoro wa ndege iliyokatwa ubavu uonekane ndani, akaweka kidole kwenye pua kabisa, mbele, chini ya marubani. Chumba kidogo. Ndani kamba, ndoano ndefu, nanga. Juu yake tundu lenye mfuniko. Akasema ikishatua mmoja wa wafanyakazi anafungua hapa, anachomoza mwili nusu, anadaka boya kwa ndoano anafunga kamba, maana ndege haina breki majini, usipoifunga upepo unaondoka nayo.

Pua ya ndege inafunguka, anachomoza mtu na kamba.

Nikakaa kwenye benchi. Mzee fundi akaacha alichokuwa anafanya akaja akakaa pembeni yangu, hakuuliza kitu, binti wa VETA akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Baadaye ndo nikawasimulia habari za bibi, na ukili wake, na mjomba, na vicheko vyetu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho afu akauliza swali moja tu, yupo aliyebaki wa rika lake? Nikasema mdogo wake, anakaa Kitunda ng'ambo ya ghuba, kapita themanini lakini macho bado. Akasema mwanangu usisubiri, picha piga sasa hivi nenda nayo, mwezi uliopita kuna mzee wa Mikindani nilipanga kumfuata Jumamosi, akazikwa Alhamisi.

Jumatatu ofisini wakanizungusha tena lakini sikujali, nikapanda basi. Jumanne nikavuka kwenda Kitunda na boti. Bibi mdogo alikuwa uani anapeta mchele, nikamsalimia, nikala kwanza maana kwake huongei kitu hujala, afu nikatoa simu. Sikumwambia ni nini. Nikamwekea ule mchoro nikaukuza, akaushika mbali kidogo na macho, akausogeza, akanyamaza, kisha akaweka ukucha pale kwenye pua akasema, "Huyu wa kamba yuko wapi? Mbona hawajamchora?"

Machozi yalinitoka mbele yake na sikuyaficha. Nikamwambia bibi, dada yako alikuwa anatuambia na sisi hatukumwamini. Akasema aliniambia, iliniuma. Basi, hakuongeza neno hapo. Alichoongeza ni kingine ambacho mwalimu hakuwa nacho kwenye karatasi zake, kwamba kabla ndege haijaja kulikuwa na motaboti inazunguka ghubani inawafukuza wenye ngalawa wapishe njia, na baba yao ambaye alikuwa mvuvi alikuwa anarudi siku hizo mapema na samaki kidogo, kwa hiyo mama yao alikuwa haipendi ile ndege hata kidogo. Yeye na dada yake walikuwa wanaipenda. Walikuwa wanapanda juu ya mwamba, dada anamshika mkono, anamwambia angalia puani, angalia puani sasa hivi anatoka.

Nikamrekodi kwenye simu dakika kumi na moja hivi, kuku wanasikika nyuma. Usiku nikamtumia mwalimu kwa WhatsApp, network ya Kitunda ilivyo nikapanda mpaka kwenye mwembe. Asubuhi nikakuta amejibu. Amesikiliza mara mbili, mzee fundi naye kasikiliza, kile cha motaboti na ngalawa amekiandika kwenye kadi na ataibandika chini ya ile ramani, ila anaomba jina la bibi kamili na la mdogo wake, herufi kwa herufi asije akakosea, na jina la baba yao pia kama linajulikana.

Nikamwandikia yote matatu.