Barafu Iliyogoma Kuanguka

Mama alipokuja Houston kututembelea, Julai 2019, friji letu lilikuwa limeacha kutoa barafu. Lilikuwa friji la milango miwili, friza upande wa kushoto, tulilolikuta ndani ya nyumba tulipohamia. Juu kabisa ya friza kulikuwa na kile kimashine wanachokipenda sana Wamarekani: kinajijazia maji chenyewe, kinagandisha, kinapindua trei na kumwaga vipande kwenye ndoo iliyo chini yake. Ukiwa na wageni Texas mwezi wa saba bila barafu, afadhali uwaambie wasije.

Na wageni walikuwa wanakuja. Salma alikuwa amehitimu Kurani, na mke wangu alikwisha waalika nusu ya Waswahili wa mji.

“Baba Salma, ita fundi,” akaniambia.

Fundi alikuja. Akafungua mlango, akachungulia ndoo tupu, akaufunga. Akasema kimashine kimekufa, kinabadilishwa kizima, akataja bei ambayo Tanga ungepata friji la mtumba na chenji ya kulipia mkokoteni. Hakutoa hata mita ya kupimia umeme mfukoni. Tukamlipa ya kuja, akaondoka.

Mimi nimekulia karakana ya baba mdogo wangu, fundi redio, na kwake kifaa hakikuitwa kibovu mpaka kipimwe. Kwa hiyo maneno ya yule bwana yaliniwasha. Usiku, watu walipolala, nikavuta ndoo nje, nikamulika trei kwa tochi ya simu. Imejaa barafu. Vipande vizuri, vyeupe, vimeganda mpaka katikati.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Barafu ikiwa ipo kwenye trei, basi maji yamefika, filta haijaziba, na baridi ipo ya kutosha. Kioo cha mlangoni kilionyesha sifuri, na sifuri ya Wamarekani, wanaohesabu kwa Farenhaiti, ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri yetu ya Selsiasi. Kilichobaki kilikuwa kitendo kimoja tu: kupindua. Ama mota imekufa, ama hakuna anayeipa amri.

Vimashine vya namna ile huwa na kitufe cha majaribio, kimefichwa ubavuni. Asubuhi nikakibonyeza, nikakishikilia kwa sekunde chache. Mota ikanguruma, trei ikajikunja, barafu ikaporomoka ndani ya ndoo kwa kishindo. Kisha trei ikarudi mahali pake, vali ikafunguka, maji yakaingia.

“Lahaula!” Mama akaruka kutoka kwenye kiti. “Umevunja nini tena, baba?”

Sikuwa nimevunja kitu. Mota nzima, vali nzima. Ule mkono wa plastiki unaoshuka ndani ya ndoo kuangalia kama imejaa ulikuwa unapanda na kushuka bila kukwama. Akabaki mshukiwa mmoja: kihisi cha joto kilichobanwa chini ya trei, kidude kidogo kisichozidi ncha ya kalamu, chenye nyaya mbili. Mafundi wanakiita themista. Kimashine chenyewe hakijui maji yameganda au la. Kinakisubiri kihisi kiseme kuwa trei imeshuka vya kutosha chini ya nyuzi sifuri, ndipo kipindue.

Nikachomoa friji kwenye umeme. Nikalala kifudifudi, nikafungua kifuniko cha chini mbele ya friji, maana watengenezaji wengi huficha huko karatasi ya fundi, imekunjwa ndani ya kifuko. Ilikuwepo. Ikasema ukinzani wa kihisi, yaani kinavyouzuia umeme kupita, uwe omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na zaidi kidogo ya 32,000 kwenye nyuzi sifuri. Vitu hivi vinakwenda kinyume: baridi ikizidi, ukinzani unapanda.

Nikakitoa, nikakiacha mezani kipate joto la chumba, nikakipima. Elfu saba. Pungufu, lakini kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Nikajaza glasi barafu na maji, nikakoroga, nikakitumbukiza. Maji yenye barafu ndani yake hayana ubishi, ni nyuzi sifuri. Mita ikapanda taratibu, ikasimama kwenye elfu kumi na tatu na ushee.

Mama alikuwa amesogeza kiti. “Kinasemaje?”

“Kinasema maji haya yana nyuzi kumi na nane.”

Akatia kidole ndani ya glasi, akakitoa haraka. “Muongo.”

Unyevu ulikuwa umepenya pale nyaya zinapoingia kwenye kichwa cha kihisi. Ukishaingia, umeme unapata njia ya pembeni, ukinzani unashuka, na kimashine kinasoma joto ambalo halipo. Kingekatika kabisa, pengine friji lingegundua na kupiga kelele, kwa sababu waya uliokatika unajulikana. Hiki kilikuwa kinatoa namba za kuaminika, zinapanda na kushuka kama inavyotakiwa, ila zote zina joto la uongo ndani yake. Kimashine kikakaa kinasubiri maji yagande, na maji yalishakuwa jiwe.

Nikaagiza kihisi peke yake, kwa bei ya sahani ya chakula cha mgahawani. Nikarudisha kile kibovu, nikachomeka friji. Kabla kipya hakijafika, Mama akachukua kazi yake.

Hapa lazima niseme, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye barafu. Mama alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo, kwa wanafunzi wanaopita. Friza lake lilikuwa na kitasa chenye namba moja hadi saba, na hakuna aliyejua namba hizo zinapima nini. Yeye alijua kwa mkono. Umeme ukikatika alikuwa analifunika friza kwa mablanketi, na ole wako ulifungue.

Basi kila baada ya swala, Mama anafungua friza la Houston, anavuta ndoo, anagusa trei kwa kidole cha shahada. Ikiwa bado, anafunga. Ikiwa tayari, anabonyeza kitufe, anarudi nyuma hatua moja, anasubiri kishindo. Barafu zilikuwa zinatoka kamili kabisa. Mke wangu akasema tukirudishe kihisi tulichoagiza.

Kilipofika nikalehemu nyaya, nikavalisha mipira inayosinyaa kwa moto ili unyevu usipate tena upenyo, nikakibana chini ya trei pamoja na sponji yake. Sponji ile ukiiacha, kihisi kinapima hewa ya friza badala ya trei, na unaanza ugonjwa mwingine. Nikachomeka. Tulipokuwa tunakula chakula cha usiku, trei ikajipindua bila kuguswa na mtu. Salma akapiga makofi. Mama akaendelea kula.

Ijumaa, siku moja kabla ya shughuli, nikarudi kazini nikakuta kimashine kimenyamaza. Trei kavu. Ndoo haipo. Nikaenda kuchukua mita na bisibisi, nimeanza kabisa kulegeza skurubu ya kwanza, ndipo nikaona swichi ya kimashine imezimwa. Chini yake, pale pa ndoo na rafu mbili zilizofuata, kulikuwa na safu za vifuko vya ukwaju na ubuyu, vimefungwa fundo, vimepangwa.

“Nimekizima,” Mama akasema kutoka jikoni. “Kinakula nafasi. Watoto watakuja hapa kesho, wapewe nini? Vipande vya maji?”

“Na barafu ya soda za watu wazima, Mama?”

“Nimeimwaga kwenye sinki. Si kuna duka?”

Jumamosi asubuhi nikaenda kituo cha mafuta, nikanunua mifuko ya barafu ya ratili ishirini ishirini.