Watu tisa, vyeo saba

Tulipokuwa watatu karakanani hakuna aliyeuliza nani afanye nini. Mimi napokea oda, mmoja anakata mbao, mwingine anapaka vanishi, na anayewahi kumaliza anafagia. Tulipofika tisa mambo yakaanza kwenda mrama. Mteja mmoja alipigiwa simu na watu watatu kuhusu kabati lile lile. Mwingine, tena aliyelipa advansi, hakupigiwa na mtu. Kitanda chake kilikaa siku kumi kimekamilika, kila mmoja akidhani mwenzake ameshampa taarifa.

Jamaa mmoja anayejiita mshauri wa biashara akaniambia dawa ni muundo. Nikamlipa, kama mshahara wa mwezi wa fundi hivi. Akanichorea chati ya masanduku na mishale, mimi juu kabisa kama sultani. Watu tisa, vyeo saba: Meneja Uendeshaji, Mkuu wa Masoko, Msimamizi wa Ubora... Nikaibandika ukutani, na hotuba nikatoa.

Wiki haijaisha, mzigo wa mbao ukaja mvua ikinyesha. Natoka ofisini, nakuta dereva anapiga honi na watu wangu wamesimama chini ya paa wanalitazama lori. Mkuu wa Masoko akaniambia, kwa adabu zote, kwamba kupakua si masoko. Meneja Uendeshaji naye hakuwa na wa kumwendesha, maana karibu wote walikuwa wakuu. Nikapakua mimi na kijana wa kufagia, aliyekosa cheo. Ile chati niliibandua usiku, wasinione.

Kilichoniokoa ni daftari. Nililitundika kwa kamba mlangoni kwangu: mwenye swali aliandike kwanza, ndipo aingie. Wengine waliona uvivu kuandika, wakarudi kuamua wenyewe, na wakaamua vizuri, jambo lililoniuma kidogo. Baada ya wiki mbili nikakaa nalo. Maswali yalikuwa yale yale: punguzo liishie wapi, nani ampigie mteja kazi ikiisha, gundi imekwisha nani anunue, kazi ikirudi na kasoro inashikwa na nani. Nikazigawa kazi hizo tu, kila moja na jina moja mbele yake. Kwenye gundi nilijaribu majina mawili. Tukaishiwa gundi.

Upande wa fedha, anayenunua siye anayelipa, wala siye anayepokea na kuhesabu mzigo. Fundi wangu wa siku nyingi alinuna, akidhani namshuku. Nikamwambia hata nikinunua mimi, yeye ndiye ahesabu. Akahesabu, akakuta nimepunjwa pakiti mbili za misumari. Sasa ukigusa utaratibu huo utagombana naye.

Lakini mvurugaji mkuu, kumbe, nilikuwa mimi. Msimamizi anampa fundi meza. Mimi napita, namwambia aiache aanze mlango wa rafiki yangu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Mfaransa Henri Fayol, aliyeongoza kampuni ya migodi, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Zaidi ya miaka mia, na mshauri wangu hakunidokezea hata hilo! Siku hizi nikiwa na la kusema namwambia msimamizi, kisha naondoka haraka kabla mdomo haujaniwasha.

Kijana wa kufagia ndiye mpokea mizigo. Lori likifika, anamwita yule mwenzetu kwa sauti, "Mkuu wa Masoko!" Naye anakuja, anapakua.