Siku moja maishani mwangu: boga, sigiri na mizimu iliyoyeyuka

Mimi ni mpishi wa nyumbani, napikia familia moja ya Wamarekani pale Muyenga, na kabla hujaniuliza Kiswahili nilikitoa wapi huku Uganda, mzee wangu alikuwa mwanajeshi, nimezaliwa kambini Jinja, na kambini Kiswahili ndo lugha ya kuchezea na ndo hiyo hiyo ya kuchapiwa. Hii ni siku yangu ya tarehe 31 Oktoba, ile siku wanaita Halloween, nilikuwa naandika kwenye simu kidogo kidogo nikipata nafasi jikoni kwa hiyo kama mpangilio umeyumba mnisamehe.

Saa 11 alfajiri

Mvua. Oktoba hii Kampala mvua haibishi hodi. Nakunywa chai kavu nimesimama, watoto bado wamelala, ila jana usiku binti yangu wa miaka sita alinibana, "baba, hiyo sherehe ya mizimu utatuletea nini?" nikamwambia boga. Akanuna mpaka usingizi ukamchukua.

Saa 12 na nusu

Teksi kutoka Kireka mpaka mjini, halafu kwa miguu hadi soko la Nakasero, viatu vimeshalowa. Boga letu si lile la rangi ya chungwa mnaloona kwenye picha, letu ni la kijani lenye mabaka na mifereji, na mwaka jana nilinunua likubwa limekomaa vizuri nikaenda kulichonga uso, kisu kikakwama katikati, nikakitoa kwa nyundo na watoto wote wananiangalia. Sasa nimejifunza nanunua mawili. La kula nalijaribu kwa ukucha, ukucha ukikataa kuingia kwenye ganda hilo limekomaa, tamu. La kuchonga nataka ukucha uingie kidogo, bado changa, kisu kitapita. Mama muuza maboga akauliza moja la nini na lingine la nini, nikamweleza. Akaniangalia kama mgonjwa. "Ssebo, hii ni chakula! Unaenda kuchora macho kwa chakula?" Sikuwa na jibu, nikaongeza bitiruti, matunda ya passion, na kichane cha ndizi ndogo zile tamu, ndiizi.

Boda mpaka Muyenga, maboga mawili kwenye gunia mapajani, kale kamlima ka Tank Hill tumekapanda dereva anahema kuliko pikipiki.

Saa 2

Watoto wamekula mayai na parachichi, wameenda shule. Madam ananipa hesabu: watoto 12 jioni, wa nyumba yetu wawili na wengine wa majirani na wa darasani. Halafu akiwa ameshashika mlango anaongeza, mmoja ana aleji ya karanga, akila anaweza kukosa pumzi. Anasema hivyo halafu anaondoka kazini kama kaniambia nisisahau chumvi.

Sasa nyie mnaoishi Uganda mnajua jiko letu. Karanga ndo mchuzi, tunauita binyebwa: binyebwa juu ya matooke, zile ndizi za kupika, binyebwa kwenye samaki mkavu, binyebwa kwenye mboga. Nikakaa nikaanza kufikiria kila kitu nilichogusa wiki hii. Mwiko wa mbao umekoroga binyebwa juzi, mbao inakunywa mafuta hata ukiosha, nikautoa. Kinu nikakipeleka stoo. Mafuta ya kukaangia yaliyobaki kwenye chupa nilikaangia karanga Jumapili, hayo nikaweka pembeni nikafungua jerikeni mpya. Kikaango cha chapati nimekisugua mara mbili na maji moto na sabuni. Simsim, yaani ufuta, nayo nikaitoa, hakuna aliyeniambia niitoe, nimeitoa tu, sitaki kesi na mtoto wa mtu.

Saa 4

Maandazi ya boga. Boga la kula nimelikata vipande nikalifunga kwenye majani ya ndizi nikalipika kwa mvuke vile mama zetu wanapika matooke, usilichemshe kwenye maji jamani, linakunywa maji halafu unga unakuwa uji, unaongeza unga, unaongeza tena, mwisho una matofali. Langu lilikuwa kavu, nikaliponda, kikombe kimoja na nusu kwenye vikombe 4 vya unga wa ngano, sukari nusu kikombe, hamira vijiko viwili vya chai, iliki niliyotwanga mwenyewe, na maziwa ya uvuguvugu naweka kwa macho sio kwa kipimo. Rangi inatoka ya dhahabu bila kuweka rangi ya duka.

Dada anayefanya usafi ni mlokole, akaingia akakuta nakata donge kwa umbo la mzimu, kichwa duara na chini mawimbi mawimbi.

"Kaka, na wewe umeingia kwenye mambo ya shetani?"

"Dada, hili ni andazi."

"Lina macho."

"Hata samaki ana macho na unamla."

Akacheka, lakini alipopewa la kuonja alichukua la pembe tatu.

Mimi ni Mkatoliki na kwangu hii siku ina maelezo, kesho yake tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, na jina lenyewe la Halloween kwa Kiingereza cha zamani lilimaanisha mkesha wa watakatifu. Zamani Waayalandi siku hii walikuwa wanachonga turnipu, mzizi wa mviringo kama kiazi, walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga kuliko turnipu. Rahisi, wanasema. Waje Nakasero.

Saa 6

Mayai ya utando wa buibui, hii ndo naipenda kuliko zote maana ni yai tu. Unachemsha mpaka liive kabisa, unalipoza, unaligonga gonga kwa mgongo wa kijiko ganda lipasuke kila mahali lakini usilimenye, unalilaza kwenye maji ya bitiruti yenye siki kidogo, masaa matatu kwenye friji. Ukija kulimenya unakuta mistari ya pinki imetambaa kwenye weupe kama buibui kafuma.

Na ndizi za mizimu, ndiizi nimezimenya nikakata katikati, kijiti chini, nikachovya kwenye yoghati nzito, mbegu mbili za passion ndo macho, zikaingia friza. Nilizipanga kumi na nane. Nzuri mpaka nikapiga picha.

Saa 8

Umeme umeenda.

Nilisubiri dakika ishirini hivi nikijidanganya, halafu nikatoka nje nikawasha sigiri mbili. Ovena ilikuwa ya soseji zilizofungwa kama maiti wa Misri, yaani donge la chapati unalikata nyuzi nyuzi unalizungushia soseji unaacha kanafasi ka macho, sasa ovena hakuna, nikaziweka kwenye sufuria pana, mfuniko juu, makaa juu ya mfuniko. Ziliiva. Kwa kweli zilikuwa bora kuliko za ovena, chini zimekauka kama chapati ya rolex, ile yetu ya kukunjia mayai.

Bisi ndo zilinitoa jasho. Unayeyusha sukari na maji, unachemsha, unadondosha tone kwenye maji baridi, likiwa kagololi kagumu unamwagia kwenye bisi na unazifinyanga mipira haraka na mikono yenye siagi. Askari wa getini akaja kuota moto, tukaanza habari za mpira, nikageuka sukari imekuwa nyeusi na inanuka kama tairi. Sufuria ile bado imelowekwa mpaka naandika hivi. Ya pili nilimfukuza askari kwanza. Mipira ni ya wakubwa tu, kuna kadogo kamoja ka miaka mitatu na bisi zinapalia watoto wa umri huo, kenyewe nimekawekea vipande vya papai.

Saa 10 na nusu

Watoto wamefika, umeme bado, nafungua friza na mizimu yangu yote imevua nguo. Yoghati imeshuka chini, ndizi uchi, macho yanaelea. Mtoto mkubwa wa nyumba, miaka tisa, akachungulia akasema, "Uncle, wamekufa mara ya pili." Nikatwanga kila kitu kwa uma, nikaongeza passion na maji ya bitiruti, nikamimina kwenye glasi. Damu. Waligombania.

Kuchonga tulichonga kwenye veranda, mimi na kisu, wao na kalamu ya kuchora mahali pa kukata. Macho pembe tatu, meno manne. Vile vipande tulivyotoa nikaviosha nikaviweka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, hilo nilimwahidi mama wa Nakasero moyoni.

Saa 11 na nusu

Sheria yangu ni wali kwanza, vitamu baadaye. Chakula cha sufuria moja: kitunguu, nyanya, nyama ya kusaga, karoti, njegere, mchele juu, maji ya moto, funika, makaa juu, usikoroge. Nusu saa watoto 12 wameshiba na sufuria ya kuosha ni moja. Kwangu Kireka napika hivyo hivyo bila nyama, naweka maharage ya jana, na hakuna anayelalamika.

Saa 1 usiku

Giza limeingia na bila umeme boga lenye mshumaa lilitisha kweli, hapo nikashukuru. Kwenye kompaundi kuna nyumba nne, watoto wanagonga kila mlango wanasema kile kimsemo chao, kwamba nipe kitamu ama nitakufanyia ujanja. Mlango wa mwisho ni kibanda cha askari. Sijui nani aliwatuma. Afande akatoka na kopo lake, nsenene, wale panzi wa kuliwa, za kwanza za msimu, zimetolewa mabawa na miguu, zimekaangwa na kitunguu. Kimya. Mtoto aliyevaa kama buibui, mwenye miguu minane ya soksi, ndo alipiga kelele kuliko wote. Halafu kasichana kamoja kakachukua moja, kakatafuna, kakasema "inakaa kama krispi," na foleni ikaanza hapo hapo. Yule wa karanga nilimshika bega nikamrudisha nyuma, maana nani ajuaye afande alikaangia mafuta gani, nikampa andazi la tatu ili asilie.

Umeme ulirudi tukiwa tunaosha vyombo.

Saa 3 na nusu

Nyumbani. Binti yangu hakulala, alikuwa ananisubiri kwa hasira. Nikampa maandazi mawili ya mzimu na soseji moja ya maiti, akala bila kunisemesha, kisha akafungua kaveera akakuta vipande vya boga. "Hivi ni nini?" Nikamwambia hayo ni macho ya lile boga, na hilo refu ni mdomo, kesho mama anapika na majani yake. Akachukua zile pembe tatu mbili akaziweka kwenye macho yake mwenyewe, akasimama hivyo katikati ya chumba, halafu akasema mdomo tupike lakini macho hapana.