Mteja wa saa 10

Saa 11 alfajiri. Julai ya Dodoma haina utani: baridi inapenya blanketi, upepo unapiga mabati, na leo ni zamu ya mtaa wetu kupata maji. Sijanawa hata uso, madumu yameshajaa. Huku Chang'ombe ukilala siku ya mgao, utaoga kwa kikombe.

Saa 12 na nusu ni uji wa uwele, viatu, na "mama, daftari langu liko wapi?" Mzazi yeyote anaijua hiyo, tuiache.

Saa 2 nipo kibandani, jirani na soko la Majengo. Mimi ni fundi cherehani, na shule zikikaribia kufunguliwa ndiyo mavuno yetu: sketi za marinda, kaptura, mashati meupe. Watu hudhani tunachoka mikono. Wapi! Ni shingo na kiuno, kwa kuinama kufuata sindano. Basi kila uzi wa bobini unapoisha, nasimama. Navuta mabega nyuma, natazama mbali barabarani macho yapumzike, ndipo najaza uzi mwingine. Binti ninayemfundisha alikuwa ananicheka: "Dada, umejiunga na JKT?" Siku hizi anasimama kabla yangu.

Saa 7, ugali na mlenda. Nakula nje, na cherehani naifunika kitambaa, maana mteja akiikuta wazi anajua inamsubiri yeye.

Saa 10 ina mtu wake kwenye daftari la oda. Binti ameshazoea kujibu: "Fundi ana mteja." Mteja mwenyewe ni mimi, na beseni langu la maji ya uvuguvugu.

Kiangazi cha huku ni kirefu. Kuanzia Mei mpaka kwenye Novemba mvua ni ya kubahatisha, na ukavu pamoja na vumbi vinapasua visigino mpaka vinanasa shuka. Magaga hayaponi kwa kufichwa ndani ya viatu. Naloweka miguu dakika kumi hivi, nasugua taratibu kwa jiwe, nakausha hadi katikati ya vidole, kisha napaka mafuta ya alizeti ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Soksi juu yake. (Mwenye kisukari asiguse jiwe, miguu yake aipeleke kwa daktari.)

Leo kaja mama mmoja katikati ya shughuli.

"Fundi, gauni langu. Dakika tano tu."

"Shikamoo mama. Lako ni la kesho saa 3."

"Marahaba. Si umekaa tu lakini?"

"Nina mteja, mama."

Kalitazama beseni, kanitazama mimi, kaangua kicheko. Kisha kakaa kwenye benchi, kavua kiatu kimoja. "Hilo jiwe umelipata wapi?"

Saa 12 kasoro nafunga. Bajaji zinapiga honi, nazipungia mkono zipite. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa mwendo wa haraka. Nusu saa ya kurudi nyumbani kwa miguu, siku tano, inazitimiza bila ada ya jimu. Na nauli inabaki.

Saa 3 usiku simu inalala sebuleni kwenye chaji. Wateja wa harusi ndiyo saa yao ya kutuma picha za mishono na sauti ndefundefu. Harusi ni Septemba. Nitazisikiliza kesho saa 2.