Daktari tangu lini

Tangu Jumanne maneno ya Kaka hayanitoki. Mkataba wangu kazini umeongezwa mwaka mwingine, binti wa Shangazi ameolewa Jumamosi na pilau ikafika hadi kwa majirani, alhamdulillahi kwa yote mawili, lakini nikilaza kichwa nasikia simu ile tu.

Alipiga usiku kutoka Doha, ametoka zamu. Nilidhani anataka habari za arusi.

"Nasikia Mama kabadilishiwa dawa ya presha."

"Ndiyo, Kaka. Tulipoenda kliniki."

"Kabadilisha nani?"

"Daktari. Tulikaa naye, mimi na Mama, tukamweleza habari ya kikohozi."

Akanyamaza. Nikawa nasikia feni ya chumbani kwake.

"Wewe umekuwa daktari tangu lini?"

Sijajibu, akaongeza: "Haya, nitumie bili." Akakata.

Nimeyapindua maneno hayo kila upande. Labda alikuwa amechoka. Labda ni hofu, maana aliye mbali hupata habari za mzazi zikiwa zimeshapita, na hilo linauma. Lakini ile "tangu lini" aliitamka polepole, kama mtu anayemhesabia mtoto chenji. Na "nitumie bili" ndiyo iliyonichoma zaidi. Kaka anatuma pesa, hajawahi kuchelewa, na michango ya Mama ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, analipa yeye. Mungu amzidishie. Ila bili haikohoi saa nane za usiku.

Kikohozi chenyewe kilimsumbua Mama muda mrefu. Kikavu, hakina makohozi wala homa, kinamkamata Mama akilala na akiwa katikati ya swala. Mtaa mzima wa Majengo ulikuwa na dawa yake: tangawizi, asali, mafuta ya mkaratusi. Kituo cha kwanza walimpa dawa ya maji, kisha antibayotiki, kisha dawa nyingine ya maji. Akapimwa TB, hana. Picha ya kifua safi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakunywa nini kwa ajili ya presha.

Jibu lilikuwa limekunjwa ndani ya pakiti ya dawa ya presha. Kile kikaratasi chenye maandishi madogo ambacho sote hukitupa, nilikikunjua mezani kwa Mama nikakisoma chote. Enalaprili. Kwenye orodha ya madhara yake, kikohozi kikavu kimo juu kabisa. Nikatoa kadi zake za kliniki, za miaka yote, nikazipanga kwa tarehe. Kikohozi kilianza miezi miwili baada ya dawa hiyo.

Hatukuacha dawa kienyeji. Nataka Kaka alijue hilo, na yeyote mwenye mzazi wa presha alijue, kwa sababu presha iliyoachwa bila dawa hupanda kimyakimya na kiharusi hakibishi hodi. Tulizibeba kadi, pakiti na hata zile tembe za goti anazonunua karibu na soko la Gikomba, tukaenda.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Nikaweka kadi mezani. Akamgeukia Mama: "Mama, kilianza lini?" Mama akaeleza mwenyewe, tangu mwanzo, bila mimi kutia neno. Daktari akazitazama tarehe, akatikisa kichwa. Akasema dawa za kundi la enalaprili zinajulikana kwa kikohozi, na wanawake hupatwa zaidi. Akaandika losatani, dawa ya presha ya kundi jingine. Akasema kikohozi huweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, na baada ya wiki mbili arudi apimwe damu, potasiamu na kreatinini, kuangalia figo. Kisha akaishika pakiti ya goti: diklofenaki, dawa ya maumivu. Hiyo akaikataza kabisa, kwani inapandisha presha, na ikikutana na dawa kama losatani figo ndizo zinazoumia.

Mama akauliza, "Sasa goti nitalitibu na nini?" Wakazungumza dakika nyingi kuhusu goti. Mimi nilikuwa naandika tu.

Basi daktari ni nani hapo? Nilichofanya ni kusoma, kupanga tarehe, kubeba na kuuliza. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Mama ana haki hiyo hata asipokuwa na mtoto wa kumshika mkono. Lakini kwenye foleni ile, muuguzi mmoja na watu wamejaa hadi mlangoni, haki isiyoulizwa inapita na mgonjwa anayefuata.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo jana, na moyo wangu ulikuwa mzito. Asubuhi nikafungua kundi la familia kwenye WhatsApp, nikakuta Mama ametuma sauti. Mama, ambaye hutuma dua za Ijumaa tu! Nimeisikiliza mpaka watoto wamekariri.

"Mwanangu wa Doha, shukrani kwa pesa. Dawa nimebadilishiwa mimi. Niliulizwa, nikakubali. Jana nimelala mpaka adhana. Na dukani wamenipa kidonge cha goti, nimewauliza kina nini ndani, mimi nina presha na natumia losatani. Wamekirudisha. Haya, kula vizuri."

Kaka akajibu kwa kidole gumba. Baadaye akaniandikia pembeni: "Kipimo cha damu ni lini?" Nikamtumia tarehe, picha ya kadi na jina la dawa. Akauliza tena, potasiamu ni nini. Nikamweleza. Tumeandikiana mpaka chai ikapoa, na mara ya mwisho kuongea hivyo na Kaka siikumbuki.

Nimefurahi, nasema kweli. Ila huku Umoja mwenye ploti ya nyuma ameanza kuchimba msingi wa gorofa, wanachimba hadi usiku, na leo nikiosha vyombo nimeona ufa ukutani, kutoka dirishani hadi kwenye soketi. Mwenye nyumba hashiki simu. Baba watoto anasema ni rangi tu imepasuka. Nimeingiza kucha, imeingia.